Ulezi wa Vifaranga kwa Mkeka wa Joto

Hapana mfugaji wa Kalemie, awe anakaa karibu na bandari au juu vilimani, ambaye hajapata kuona vifaranga waliotoka mayaini wakiwa na siha njema wakianza kupungua tangu usiku wa pili, leo wawili, kesho watatu, mpaka wiki ikiisha nusu ya kundi imekwenda. Na hapana ambaye hajasikia majirani wakitoa sababu zao, mmoja akisema ni maradhi, mwingine akisema ni jicho la hasidi, na mwingine akisema kwamba kuku waliototolewa kwa mashine hawakujaaliwa uhai wa kudumu. Nimelichunguza jambo hili kwa muda mrefu, katika mabanda ya watu na katika banda langu, na rai yangu ni kwamba katika siku kumi za kwanza adui mkubwa wa kifaranga asiye na mama ni baridi ya usiku, na kwamba mengi katika maradhi tunayoyashutumu hupata mlango baada ya baridi kuwa imekwisha mdhoofisha. Kwa hiyo nataka kunena na wasomaji, kwa utaratibu na bila haraka, juu ya njia ya kumpa kifaranga joto kwa mkeka mdogo wa umeme badala ya taa kubwa au jiko la makaa. Njia hiyo ndiyo iliyo karibu zaidi na kazi ya kuku mwenyewe, na katika mji kama wetu, ambako umeme ni adimu, ndiyo iliyo nafuu.

Yafaa kwanza kuelewa hali ya kiumbe tunayetaka kumlea. Kifaranga hukaa ndani ya yai siku 21, katika joto la digrii 37 na nusu hivi, na hutoka akiwa amevaa manyoya laini yapendezayo macho, walakini manyoya hayo hayazuii sana joto kutoka, wala mwili wake haujapata nguvu ya kujitengenezea joto la kumtosha. Joto la mwili wa kuku mzima ni digrii 41 na kitu. Kifaranga wa siku ya kwanza yuko chini ya hapo kwa digrii moja au mbili, na akiachwa penye upepo huteremka upesi. Uwezo wa kulihifadhi joto humjia kidogo kidogo, hata ukafikia kumtosha takriban katika wiki ya tatu, na manyoya ya kweli humfunika kati ya wiki ya nne na ya sita. Akiba pekee aliyopewa na Muumba ni kiini cha yai, ambacho huvutwa ndani ya tumbo lake karibu na saa ya kutoka, na kwa hicho aweza kukaa siku mbili, hata tatu, bila chakula wala maji. Ndiyo maana vifaranga wa siku moja waweza kuvushwa ziwani au kusafirishwa kwa ndege na kufika wazima. Lakini akiba hiyo ikitumiwa kupigana na baridi huisha kabla ya wakati wake, na kifaranga aliyefika mzima alasiri aweza kuwa maiti kabla ya alfajiri, ingawa chakula kizuri kimewekwa mbele yake.

Wageni husema Kalemie ni mji wa joto, na mchana husema kweli. Lakini tuko mita 770 na zaidi juu ya usawa wa bahari, kandokando ya ziwa kubwa lenye upepo wake, na tangu Mei hadi Septemba kusi hulivuruga ziwa, na katika usiku wa Juni na Julai joto hushuka chini ya digrii 20. Kifaranga wa wiki ya kwanza anataka digrii 32 hadi 35 pale anapopumzikia. Basi hata usiku wa masika, ambao sisi twauona hauna haja ya blanketi, kwake una upungufu wa digrii kumi, na usiku wa kiangazi una upungufu wa digrii kumi na tano. Na nyumba za bati huzidisha dhara hili, maana bati lililochoma mchana kutwa hupoa upesi mno jua likizama.

Sasa na tutazame namna kuku mwenyewe anavyofanya, maana yeye ndiye mwalimu wa kazi hii. Kuku hapashi nyumba moto. Hutembea na watoto wake katika hewa ya uani, ambayo asubuhi huweza kuwa ya baridi, wakachakura, wakala, wakakimbizana. Na kila wanapohisi ubaridi huingia chini yake, migongo yao ikagusana na ngozi ya kifua chake, ambayo wakati wa kuatamia hupukutika manyoya ili joto lipite bila kizuizi. Wakapata moto, wakasinzia gizani, kisha wakatoka tena. Joto lipo mahali pamoja tu, ubaridi upo palipobaki pote, na hiari ni ya kifaranga. Katika maneno yote nitakayosema hapa, hili ndilo ninaloomba msomaji alishike: kifaranga ana haja ya mahali pa kupashia mgongo na ana haja ya mahali pa kukimbilia akishapata moto, na mfugaji anayempa kimoja akamnyima cha pili amemtia katika adhabu.

Maarifa haya yana umri mrefu. Wamisri walitotoa mayai kwa maelfu katika matanuri ya udongo tangu zama za kale, bila kuku na bila kipimajoto, na mafundi wao walipima joto la yai kwa kuligusisha kwenye kope la jicho. Mwanachuoni wa Ufaransa, René-Antoine de Réaumur, aliyechapisha kitabu chake juu ya jambo hili mwaka 1749, aliyastaajabia matanuri hayo, lakini alitambua kwamba kutotoa ni nusu ya kazi, na kwamba nusu iliyobaki ni kulea. Ndipo akabuni mama wa bandia, sanduku lenye paa la mteremko lililowambwa ngozi ya kondoo, sufi yake ikielekea chini, ili vifaranga waingie wakasukumize migongo yao katika ile sufi mpaka kila mmoja apate mahali panapolingana na kimo chake. Mkeka wa joto tunaousema leo ni sanduku lile lile la Réaumur, illa joto lake latoka katika nyuzi za umeme.

Katikati ya zama hizo mbili ilikuja taa, ile ya wati 250 yenye mwanga mwekundu, ambayo huning'inizwa juu ya vifaranga kwa mnyororo, na ambayo wafugaji wengi huihesabu kuwa alama ya ufugaji wa kisasa. Siikatai taa kwa mwenye vifaranga mia tano na umeme usiokatika. Kwa mtu wa nyumbani mwenye vifaranga ishirini, taa ni hasara, na aghalabu ni hatari: ikianguka juu ya maranda makavu huwasha moto, na moto katika mtaa wa nyumba zilizobanana haumchomi mwenye kuku peke yake. Tena mwanga wake hauzimwi usiku, hivyo vifaranga hawajui mchana wala usiku, hula wakiwa na usingizi na kudonoana mkia mpaka damu ikatoka, na kifaranga akiona damu kwa mwenziwe hamwachi. Wale waliolelewa gizani chini ya mkeka hulala magharibi na kuamka alfajiri, na hukua wakiwa watulivu. Tofauti hii nimeiona mara nyingi, na kwangu ndiyo fadhila kubwa ya mkeka kupita hata unafuu wa umeme.

Mkeka wenyewe ni kitambaa kinene, kwa kawaida sentimita 30 kwa 60, chenye nyuzi za umeme ndani yake na kitufe cha kupandisha na kushusha joto, na asili yake ulitengenezwa kwa ajili ya watu wenye maumivu ya mgongo. Kabla ya kutoa faranga zako, tazama mambo ambayo muuzaji hatakuambia. Soma kwanza volti zake: umeme wetu ni wa volti 220, na mikeka mingi inayoletwa na jamaa zetu kutoka Marekani ni ya volti 120, nayo ukiichomeka ukutani huungua papo hapo. Tazama kisha kama unajizima wenyewe, maana mingi, kwa kuwa ilifanyizwa kumlinda mgonjwa aliyesinzia, hujizima baada ya saa moja au mbili. Mkeka wa namna hiyo utawaacha vifaranga wako kwenye ubaridi saa sita za usiku nawe umelala. Tafuta ule wenye namna ya kuwaka mfululizo, ujaribu nyumbani usiku mzima kabla vifaranga hawajafika, na usiridhike kwa kuwa muuzaji amekula yamini. Mkeka uliokwisha kunjwa sana, au ambao waya wake umechubuka, usiuchukue hata ukipewa bure.

Ukiisha kuupata, tafuta kipande cha wavu wa chuma mgumu wa matundu ya mraba, ukate kwa kipimo cha mkeka na ziada kidogo, ukipinde kiwe kama paa dogo lenye mteremko, nyuma chini na mbele juu. Ufunge mkeka upande wa chini wa wavu kwa vipande vya nguo, wala usiutoboe kwa msumari au sindano, kwa sababu ndani yake mna nyuzi zenye umeme. Uvike mkeka mfuko wa plastiki mwembamba usiopitisha maji kama hauna gamba lake, kisha juu ya plastiki hiyo fungia kitambaa laini cha pamba kinachoweza kutolewa na kufuliwa. Hicho ndicho kitakachogusana na migongo. Upande wa nyuma uwe na kimo cha sentimita sita au saba kutoka chini, na upande wa mbele sentimita kumi au kumi na mbili, ili kifaranga aliyesimama ndani yake agusane na kitambaa bila kuinama na bila kujinyoosha. Juu ya wavu tandika nguo moja nyepesi tu. Kurundika mablanketi huzuia joto lisitoke, na nyuzi zikazidiwa zikaungua. Weka kipimajoto chini yake, kikigusa kitambaa, nawe utafute joto lililo karibu na la kifua cha kuku, lisipite digrii 40. Mkeka mmoja wa kipimo hiki watosha vifaranga 20 hadi 25 katika wiki ya kwanza.

Banda la kuuweka mkeka huo liwe la mviringo, la karatoni ngumu au bati lililokunjwa, lenye kimo cha nusu mita na upana usiopungua mita moja. Nasema mviringo kwa sababu vifaranga wakishtuka hukimbilia pembeni na kurundikana, na wa chini hufa kwa kukosa pumzi. Mkeka uwe upande mmoja, chakula na maji upande wa pili, ili kila mlo uwe safari ya kutoka penye joto na kurudi. Chini tandaza maranda makubwa ya mbao au pumba za mpunga, unene wa vidole vitatu. Unga wa msumeno haufai siku za mwanzo, kwa kuwa huudhania chakula, na karatasi tupu ni mbaya zaidi, kwa kuwa huteleza na kuwafanya miguu ipanuke wasiweze tena kusimama. Mlango wa banda uwe na wavu dhidi ya panya na paka, na kama chumba kina njia ya siafu, inua banda juu ya meza ambayo kila mguu wake umesimama ndani ya kopo lenye mafuta machafu ya gari. Siafu hawabishi hodi, na usiku mmoja wawatosha kumaliza kundi.

Nafika sasa kwenye neno zito kupita yote kwa watu wa mji huu. Umeme wa Kalemie watoka Bendera, kaskazini, ambako maji ya mto Kyimbi huendesha mitambo, nao huja kwetu kwa waya mrefu unaopita milima na mapori. Kukatika kwake, basi, si jambo la kustaajabiwa, na mitaa mingi haujafika kabisa. Mtu anayelea vifaranga kwa umeme pasipo njia ya pili ameweka roho zao juu ya waya mmoja. Na hapa ndipo mkeka unapoishinda taa waziwazi, maana hesabu yake yawezekana kwa mwenye sahani ya jua na batiri. Mkeka wa wati 50 ukiwaka saa 12 za usiku hutumia wati-saa 600. Batiri ya volti 12 yenye ampea-saa 100 hubeba 1,200, lakini batiri ya risasi haipendi kutolewa zaidi ya nusu ya akiba yake, nayo ikilazimishwa kila siku hufa kabla ya mwaka. Kwa hiyo batiri moja ya namna hiyo yatosha usiku mmoja kwa shida, kwa kuwa kifaa cha kugeuza umeme wa batiri uwe wa volti 220 nacho hula sehemu yake. Taa ya wati 250 kwa usiku ule ule hutaka wati-saa 3,000, yaani batiri tano. Mwenye kuweza kupata mkeka wa volti 12, wa aina inayowekwa juu ya viti vya magari, aufunge kwenye batiri moja kwa moja kwa waya mnene wenye fyuzi, ataokoa ile sehemu iliyokuwa ikipotea.

Hata hivyo batiri nayo huisha, na wingu la masika laweza kukaa siku tatu. Kwa sababu hiyo namsihi kila mfugaji alijenge banda lake tangu mwanzo kwa namna ambayo joto likikatika halitoroki ghafla. Chukua sanduku moja la mbao au karatoni, uliweke ndani ya jingine kubwa zaidi, na nafasi iliyo katikati ijaze nyasi kavu au sufi ya msufi. Mkeka ukae ndani ya sanduku la ndani, na mlangoni pake ning'iniza vipande vya nguo vilivyochanwa, ili vifaranga wapite na upepo usipite. Vifaranga ishirini wenye afya, wakiwa pamoja ndani ya sanduku la namna hii, hutunza joto la miili yao wenyewe kwa muda mrefu kuliko mtu anavyodhani. Katika nchi nyingi za Afrika Mashariki wako wafugaji wanaolea kwa sanduku la nyasi tupu, pasipo moto wa aina yoyote, nao hufaulu, hasa baada ya wiki ya kwanza kupita. Fanya hivyo nawe hata kama una umeme, maana sanduku hilo litapunguza pia kazi ya mkeka usiku.

Umeme ukikatika, chemsha maji, yaache yapoe kidogo yasije yakayeyusha plastiki, uyatie katika bidoni ya lita tano, uifunge kwa kizibo kisichovuja, uizungushie nguo nzito na kuilaza mahali pale pale pa mkeka, ili vifaranga wasitafute mahali pengine. Itawapa joto saa tatu au nne. Kwa usiku mzima bidoni mbili za kubadilishana zatosha, na tofali lililopashwa moto na kufungwa nguo laweza kushika zamu moja. Maji haya yachemshwe uani. Wako watu ambao usiku wa baridi huingiza mbabula yenye makaa mekundu ndani ya chumba cha vifaranga, wakafunga mlango na dirisha, na mara nyingine chumba hicho ndicho wanacholala watoto. Makaa hutoa hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu, nayo humwua mtu usingizini kabla hajatambua kwamba anaumwa, sembuse kifaranga. Kwa ajili ya kuku hakuna haja ya kuzika binadamu. Mbabula ikae nje, na kinachoingia ndani kiwe ni maji ya moto peke yake.

Washa mkeka siku moja kabla ya vifaranga kufika, ili maranda yaliyo chini yake yapate moto, maana ubaridi wa sakafu ya saruji hupanda miguuni. Wakifika, chovya mdomo wa kila mmoja katika maji ya vuguvugu yenye sukari kidogo, kiasi cha vijiko vitatu vya mezani kwa lita, kisha umsukume kwa mkono chini ya mkeka. Baada ya saa mbili au tatu wape chakula juu ya sahani bapa. Mchana wa kwanza huwa mwepesi. Shida huja magharibi, giza linapoingia, kwa kuwa vifaranga waliototolewa kwa mashine hawana mama wa kuwaita, nao hujikusanya mahali popote palipokuwa na mwanga wa mwisho, wakalia kwa uchungu hatua mbili tu kutoka kwenye joto. Usiwaache kwa kudhani watapata njia wenyewe. Kaa nao, uwakusanye kwa mikono, uwaingize, na wanaotoka uwarudishe, bila ukali na bila taa kali; jioni ya pili wengi watakuwa wamekwisha jua, na jioni ya tatu hutakuwa na kazi.

Tangu hapo kipimajoto ni msaidizi, na vifaranga ndio mashahidi. Walio na joto la kadiri hutawanyika, wengine wakila, wengine wamelala kwa ubavu chini ya ukingo wa mkeka, na sauti yao ni ya chini yenye kunong'ona. Walio na baridi hurundikana katikati ya mkeka, wakasukumana, wakalia kwa sauti kali isiyokoma, na kesho yake utaona mavi yameganda nyuma ya baadhi yao mpaka njia ikaziba. Hao waoshe kwa kitambaa cha maji ya vuguvugu, uwakaushe, kisha utafute ule ubaridi ulikotoka. Waliozidiwa na moto hukaa mbali, mabawa yamefunguka, midomo wazi, wakihema. Na ukiwaona wote wamejibanza upande mmoja tu, ujue upepo unaingia kwa upande wa pili, hata kama wewe mwenyewe huuhisi. Piga magoti, weka shavu lako kwenye kimo chao, utauhisi.

Kila siku nne au tano pandisha wavu kwa sentimita mbili au tatu, kwa kuwa kifaranga hukua upesi, na mkeka uliobaki chini humbana. Katika wiki ya pili waweza kuuzima saa za mchana katika miezi ya joto, na katika wiki ya nne, manyoya ya mabawani na mgongoni yakiwa yamejaa, uzime usiku wenye joto, uwashe usiku wenye upepo. Wiki ya tano wengi hawauhitaji tena. Wale wa Juni na Julai waongezee wiki moja. Usiwaondolee joto siku moja na kuwahamisha banda siku hiyo hiyo, maana mashaka mawili kwa pamoja huwalemea.

Juu ya chakula nitasema machache. Kifaranga anataka chakula ambacho sehemu ya tano yake ni protini, nasi Kalemie hatukukosa: ndakala kavu za ziwa zilizotwangwa, soya, mashudu ya karanga, pamoja na mahindi yaliyosagwa kwa chembe ndogo. Ndakala ziwe zile zisizotiwa chumvi na zilizopepetwa mchanga, kwa sababu chumvi nyingi humwua kifaranga. Soya ikaangwe kwanza, maana mbichi ina kitu kinachozuia protini isifae mwilini. Na mahindi yenye kuvu yatupwe, wala yasitolewe kwa kuku ati kwa kuwa hayafai kwa bukari. Mchwa wa vichuguu, ambao babu zetu waliwapa vifaranga tangu zamani, ni chakula bora kama wakipatikana. Maji ya ziwa yachemshwe, yawekwe katika kisahani kifupi chenye vijiwe ndani ili mdogo asizame, na yabadilishwe asubuhi na jioni. Nawe nawa mikono kwa sabuni kila utokapo bandani, kwa kuwa kipindupindu hakijahama katika mwambao wetu, na kuku nao wana vijidudu vyao vya tumbo vinavyowapata watoto wadogo.

Joto halitamlinda kifaranga na kideri, ugonjwa unaoweza kufagia kuku wa mtaa mzima kwa wiki moja. Chanjo ndiyo kinga yake, nayo hutolewa kwa tone la jichoni takriban siku ya saba na kurudiwa kwa ratiba atakayoitoa mganga wa mifugo. Iko chanjo iitwayo I-2, iliyotokana na kazi ya wanachuoni wa Australia kwa ajili ya vijiji visivyo na friji, na ambayo imetumika sana katika nchi jirani ya Tanzania. Yavumilia joto la njiani kuliko nyingine, ingawa hiyo nayo haipendi jua. Ulizia chanjo kabla ya kuulizia vifaranga, maana mara nyingi huwa haipo siku unapoihitaji.

Kwa haya yote, ushauri wangu kwa mfugaji wa Kalemie anayeanza ni huu. Mwenye mkeka mmoja asipokee vifaranga zaidi ya 25, hata akipunguziwa bei kwa mia. Asiye na njia ya pili ya joto iliyo tayari, iwe batiri au bidoni na mtu wa kuamka usiku, asinunue vifaranga katika miezi ya kusi, angoje Oktoba. Na mwenye koo anayeatamia hana haja ya mkeka hata kidogo: amtie vifaranga kumi hadi kumi na wawili usiku, mmoja mmoja, chini ya mabawa yake, akiondoa mayai kwa kadiri ileile, na fedha ambazo angenunulia mkeka azipeleke kwenye chanjo.